Fedha ya Mtambwe Mkuu

Kila msimu wa karafuu ukiwadia husikika maneno yale yale: kwamba Pemba ilianza kujulikana duniani mikarafuu ilipopandwa. Karafuu ni mali, na hakuna Mpemba wa kuibeza. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mashamba ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo ndiyo ghala la zao hilo. Lakini hiyo ni habari ya juzi. Miaka zaidi ya 900 iliyopita kisiwani humu palitumika fedha iliyopigwa kwa majina ya watawala wa pwani yetu, na ushahidi wake ulitoka ardhini mwaka 1984, ng'ambo tu ya ghuba ya Wete.

Mtambwe Mkuu ni kisiwa maji yakijaa. Yakipwa unavuka kwa miguu. Hapo ndipo mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walipopata akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi waliotawala Misri. Dinari ya karibuni kabisa ni ya 1066.

Sarafu yenyewe ni ndogo na nyembamba. Haina sura ya mtu. Upande mmoja lipo jina la mtawala na la baba yake, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zimetungwa kwa vina, hata ukiigeuza mkononi ndipo unapomaliza kuisoma. Fundi aliyechonga muhuri wake ilimlazimu aandike Kiarabu kinyumenyume, kwa herufi ndogo kama punje za mtama. Fundi wa namna hiyo hutaka mtawala wa kumlipa na soko la watu wanaoliamini jina lililopigwa. Hayo ni mambo ya mji.

Miongoni mwa majina hayo limo la Ali bin al-Hasan, na hapa ndipo penye ugomvi. Ukitaja sarafu za kale za Waswahili, jibu la kwanza ni Kilwa, na Ali huyo ndiye anayesimuliwa kuwa mwanzilishi wa ukoo wa Kishirazi uliotawala kule. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alimweka mwishoni mwa karne ya 12. Akiba ya Mtambwe inamrudisha nyuma kiasi cha karne nzima. Wapo wanaojibu kwamba dinari yaweza kukaa sandukuni miaka mingi kabla haijafukiwa. Hoja hiyo ina uzito wake; lakini kama akiba ilikusanywa mwishoni mwa karne ya 12, mbona haimo hata dinari moja ya miaka mia iliyofuata ile ya 1066? Mimi nasimama na Mtambwe.

Habari ya kwamba ukoo huo ulifika kwa merikebu saba kutoka Shirazi, baba na wanawe sita, siwezi kuichukua kama ilivyo. Ni nasaba ya kifalme, nayo ilitungwa ili watu watii. Hata hivyo tarikhi ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu ina jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio: merikebu ya tano, inasema, ilitia nanga Kisiwa cha Kijani, yaani Pemba. Watu wa Kilwa wenyewe hawakuisahau Pemba walipokuwa wakisimulia asili yao.

Shahidi mwingine ni Yaqut al-Hamawi, aliyefariki 1229, ambaye kamusi yake ya miji husomwa na wachache mno kwetu. Anakitaja Kisiwa cha Kijani katika nchi ya Zanji, yaani pwani yetu, chenye miji miwili, kila mmoja na sultani wake. Majina anayoyaandika ni Mtambwe na Mkambalu, yakiwa yamepindwa kidogo tu na kalamu ya Kiarabu. Hakufika mwenyewe, alisimuliwa na mtu wa Basra aliyekiona kisiwa kwa macho yake.

Ushahidi huo unagusa mjadala mwingine mkubwa zaidi: Kanbalu, ndiyo Mkambalu ya Yaqut, ilikuwa wapi? Mwandishi wa Kiarabu al-Masudi, aliyesafiri kutoka Kanbalu kurudi Oman mwaka 916, aliueleza mji huo kuwa wa Waislamu na Wazanji wasiokuwa Waislamu, chini ya ukoo wa Kiislamu. Wataalamu wameutafuta Unguja, Ngazija, hata Bukini, yaani Madagaska. Horton aliutafuta hapa Pemba, Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake, na chini ya msikiti wa mawe unaoonekana leo akakuta mabaki ya msikiti wa zamani zaidi.

Yaqut ameiweka miji hiyo miwili katika kisiwa kimoja, na Mtambwe tunaijua ilipo. Anayetaka kuipeleka Kanbalu Bukini itambidi aihamishe na Mtambwe.