Simbamwene na Nyundo ya Thor

Ndugu msomaji, mimi nilimaliza kidato cha nne, niko hapa Morogoro, ninaandika riwaya kwenye madaftari. Shujaa wangu ni mpelelezi aitwaye Mindu, na wasomaji wangu ni vijana sita wa mtaani wanaopokezana daftari. Mambo yalikuwa shwari mpaka sura ya saba. Mindu anakufa, binti yake anavaa koti lake na kujiita Mindu. Weee! Daftari likarudishwa siku ile ile. "Umetuharibia Mindu wetu," jamaa mmoja akanifokea. "Huyo demu mpe jina lake mwenyewe!"

Maneno hayo hayakuwa mageni kwangu. Filamu ya Thor ya mwaka 2022 ilipofika banda umiza, mwanamke alipoinua ile nyundo baadhi yetu tulizomea, nami nikiwemo. Kumbe Wamarekani walishatutangulia. Julai 2014 kampuni ya Marvel ilitangaza kwamba Thor wa vitabu vya katuni atakuwa mwanamke. Mwaka 2015 akajulikana kuwa ni Jane Foster, mgonjwa wa saratani. Baadhi ya wasomaji waliwaka: mkitaka shujaa wa kike, buni mwingine, Thor mwacheni! Mwandishi Jason Aaron akayatia malalamiko hayo kinywani mwa jambazi mmoja, na Thor mpya akamvunja taya. Tena vitabu vyake viliuzika kuliko vya Thor aliyemtangulia.

Sasa turudi kwetu, chini ya milima ya Uluguru. Katika karne ya 19 Kisabengo alijenga hapa mji wenye boma, ukaitwa Simbamwene. Stanley alipita mwaka 1871, akaandika habari za ukuta wa mawe, malango manne na watu kati ya 3,000 na 5,000. Kisabengo alikuwa ameshafariki. Aliyetawala ni binti yake mkubwa, na kwa maelezo ya Stanley, baba alimrithisha utawala pamoja na jina: naye akaitwa Simbamwene. Bibi huyo alituma watu kudai honga. Stanley akagoma, akisema msafara wake uliotangulia umekwisha kulipa. Ugomvi wao ulikuwa honga, si jina.

Bibi yangu ni Mluguru, na kwao ukoo hufuata mama. Nilipomsimulia alicheka. "Mjukuu wangu, shamba tunalokula limepitia kwa wanawake. Jina lina uzito gani hata lisibebeke?"

Basi sura ya saba sitaifuta. Ila wale vijana walikuwa na haki kwa jambo moja. Mindu nilimuua kwa mistari minne, binti akatokea ghafla tu. Kisabengo alimrithisha mwanawe; mimi Mindu sikumpa hata nafasi ya kurithisha. Ninaiandika upya, baba akimkabidhi binti jina kwa mdomo wake. Yule jamaa ameshaliomba tena daftari, eti aone nitajiteteaje. Je, ndugu msomaji, wewe ungelirudisha?