Kabla ya Picha ya Pili

Miaka kadhaa nyuma, kabla sijawa baba, niliandika habari ya kambi ya upasuaji wa watoto wenye mdomo sungura. Ilikuwa habari fupi tu: idadi ya watoto, mgeni rasmi, na picha mbili za mtoto mmoja, kabla na baada. Mhariri alifurahi. Na mimi nilifurahi, nisiseme uongo. Mama wa yule mtoto sikumuuliza hata swali moja.

Kisha binti yetu akazaliwa hapa Songea, na mpasuko wa mdomo pamoja na kaakaa.

Siku ya tatu jirani mmoja alikuja kutupa hongera, akamvuta mama mkwe wangu pembeni. "Dada, hivi mwanao hakula sungura?" Mama mkwe akamjibu, "Sungura wa wapi? Hapa Lizaboni umemwona nani anafuga sungura?" Nikacheka. Usiku sikulala.

Kumbe jirani hakuwa peke yake duniani. Wamisionari Wajerumani waliofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, kilomita kama 24 kutoka hapa mjini, walikuja na lugha ambayo nayo inaliita pengo hili kwa jina la sungura. Waingereza vilevile. Ulaya waliamini kwamba mjamzito akishtuliwa na sungura, mtoto atazaliwa hivyo. Na Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika wana hadithi, iliyochapishwa na Wilhelm Bleek mwaka 1864, ambamo mwezi unatuma ujumbe kwa wanadamu kwamba watakufa na kufufuka kama wenyewe unavyofanya. Sungura anajitolea kuupeleka, anaukosea, anawaambia watu watakufa moja kwa moja. Mwezi kwa hasira unampiga usoni, na tangu hapo mdomo wake umepasuka. Mwandishi wa habari akisoma hadithi hiyo anajikuna kichwa kidogo.

Pwani kuna neno kigego, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Lipo hata kwenye kamusi za leo, na maana ya nuksi imebaki humohumo. Zamani kigego angeweza kuuawa. Sisemi mtoto mwenye mdomo sungura aliitwa kigego. Nasema mtoto aliyezaliwa na mdomo uliowashangaza watu hakuwa na uhakika wa kesho yake.

Sayansi yenyewe haina sungura. Midomo ya mtoto huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito, kaakaa hufuata hadi kama wiki ya 9. Wakati huo wanawake wengi hata hawajajijua kuwa ni wajawazito. Duniani hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 700.

Historia ya upasuaji nayo imeandikwa vizuri tu. Mmarekani Ralph Millard aliwasilisha njia yake Stockholm mwaka 1955, baada ya kuifikiria alipokuwa daktari wa jeshi Korea: upande mmoja wa mdomo unazungushwa ushuke, upande wa pili unasogezwa kuziba pengo. Huku kwetu, mwaka 1957, madaktari watatu wa upasuaji wa kurekebisha viungo, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege, ambayo ndiyo AMREF ya leo. Wazo walilizungumza kwenye miteremko ya Kilimanjaro. McIndoe alikuwa amejipatia jina kwa kutibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1999 ikaja Smile Train ya Marekani, yenye utaratibu wa kuwawezesha madaktari wa nchi husika wafanye kazi wenyewe. Na CCBRT pale Msasani, Dar es Salaam, imekuwa jina ambalo mzazi wa mikoani anatajiwa mapema.

Lakini madaktari wana kanuni ya kumi tatu. Kabla ya kushona mdomo, mtoto awe na wiki 10, ratili 10, yaani kilo 4 na nusu hivi, na damu 10. Kwenye kitabu ni mstari mmoja. Kwetu ilikuwa miezi minne.

Mtoto mwenye kaakaa wazi hawezi kunyonya. Anavuta, hewa inapita, maziwa hayaji. Yakija yanatokea puani. Mke wangu alikamua kwenye kikombe, tukamkalisha wima, kijiko kidogo, tone, subiri, ameze, abeue, tena. Mlo mmoja saa nzima. Alfajiri unaanza upya. Kliniki wakimning'iniza kwenye mzani, mimi nilikuwa naangalia mshale kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Wiki moja alishuka gramu 200. Siku hiyo tulirudi nyumbani bila kuongea.

Hapo ndipo nilipoielewa ile picha yangu ya kwanza. Mtoto aliyefika kwenye kambi, yule niliyemwandika kama tatizo linalosubiri kutatuliwa, alikuwa ameshaokolewa. Mtu alishakaa naye usiku na kijiko. Na watoto waliokutana na ndege za kina Wood ni hivyo hivyo: kila aliyelala kwenye meza ya upasuaji alikuwa na mama, au bibi, aliyegundua mwenyewe namna ya kumlisha, bila kliniki jirani, na kwa mtu wa Songea bila hata lami, maana barabara ya Makambako ilipata lami miaka ya 1980. Ambao hawakupata mtu huyo hawamo kwenye picha yoyote.

Mdomo ulishonwa Dar. Saa moja na kitu, na picha ya pili ikapatikana. Ndugu wakatuma pongezi kwenye simu, wakidhani tumemaliza. Kaakaa lilisubiri hadi alipofika mwaka mmoja na miezi minne. Tukasafiri tena zaidi ya kilomita 900 kwa basi, tukarudi naye mikono imefungwa vibao asiingize vidole mdomoni, uji mwepesi wa kikombe, kijiko marufuku. Kijiko kilekile!

Sasa ana miaka minne. Herufi b kwake hupitia puani ikatoka m, kwa hiyo kwa muda mrefu mimi nilikuwa "mama" wa pili nyumbani. Wataalamu wa usemi nchini ni wachache mno, na wengi wako miji mikubwa. Tuliyempata alitupa zoezi: shika kipande cha karatasi mbele ya mdomo wake, aseme "papa", "papai", karatasi itikisike. Tunafanya jioni, baada ya kula. Jana ilitikisika mara mbili. Mara ya tatu alipuliza kwa makusudi, akacheka, akasema hiyo nayo ihesabiwe.