Fosfeti: Kutoka Udongo wa Gasorwe hadi Chumvi ya Maabara

Katika vilima vya Gasorwe, tarafa ya Muyinga kaskazini-mashariki mwa Burundi, fosfeti, yaani chumvi ya fosforasi iliyoungana na oksijeni na madini kama kalisi au sodiamu, ilikuwa haba kabla mtu yeyote hajaijua kwa jina, kwa kuwa udongo mwekundu wa eneo hilo, uliooshwa na mvua kwa karne nyingi, una asidi, na chuma na alumini vilivyomo huikamata fosfeti hata mizizi ya maharage isiipate. Wakulima walilijibu tatizo hilo kwa samadi ya ng'ombe na majivu ya jikoni. Utawala wa Kibelgiji ulipowalazimisha kupanda kahawa kuanzia miaka ya 1930, nyasi zilizokuwa malisho au mbolea ya mashamba ya chakula zikatandazwa chini ya mibuni, na rutuba ikahamishwa kutoka shamba moja kwenda jingine bila kuongezeka.

Mwamba wenyewe haukuwa mbali. Kule Matongo, katika eneo la Kayanza, iko fosfeti iliyobaki baada ya kuoza kwa kabonatiti, mwamba uliotokana na magma, wenye chokaa nyingi. Na huko Tanzania, fosfeti ya kilima cha Minjingu karibu na Ziwa Manyara iligunduliwa mwaka 1956 na ndege iliyokuwa ikipima mionzi ili kutafuta urani. Minjingu kilikuwa kisiwa wakati ziwa lilipokuwa kubwa zaidi, na minandi waliotua hapo waliacha kinyesi na mifupa, ambayo bado huonekana ndani ya tabaka za mwamba. Uchimbaji ulianza mwaka 1983, mzigo ukapelekwa kiwanda cha mbolea cha Tanga.

Hapo ndipo suala la usafi linapoingia, na pengine ndilo lenye uzito kuliko yote. Urani iliyowaelekeza wachunguzi Minjingu ni sehemu ya uchafu unaoufanya mwamba huo usifae maabara bila kusafishwa, kwani asidi ya salfuri ikimwagwa juu ya mwamba hutoa asidi ya fosfori iliyobeba sehemu ya uchafu wa mwamba. Mbolea huvumilia hayo, ila maabara ya biolojia ya molekuli, inayochunguza vinasaba, haiyavumilii: chembe za chuma huharibu vipimo, na vimeng'enya vinavyokata vinasaba, hata kwa kiasi kidogo mno, hufuta kazi ya siku nzima. Kwa hiyo mwamba huyeyushwa pamoja na mkaa na mchanga katika tanuri la umeme, mvuke wa fosforasi hukusanywa chini ya maji, kisha fosforasi huchomwa ili itoe asidi safi, ambayo huchanganywa na magadi yaliyosafishwa hadi fuwele nyeupe zijitenge.

Fuwele hizo zilipata kazi yao kuu katika bafa, yaani mmumunyo unaozuia asidi isipande wala kushuka. Mdenmaki S. P. L. Sørensen, aliyeanzisha mwaka 1909 kipimo cha ukali wa asidi kiitwacho pH, alitumia fosfeti kutengeneza mimumunyo ya aina hiyo, kwa sababu chumvi zake mbili, moja ikipokea hidrojeni na nyingine ikiitoa, hulingana katika pH ya karibu 7.2, jirani na damu ya binadamu. Mwaka 1954 Renato Dulbecco na Marguerite Vogt walieleza bafa ya fosfeti yenye chumvi ya kawaida, ambayo maabara huitumia hadi leo kuosha seli.

Ili kutengeneza chumvi hiyo, basi, Afrika Mashariki haijakosa mwamba, imekosa tanuri. Fosforasi huyeyushwa China, Vietnam, Kazakhstan na Marekani, na tani moja hula takriban kilowati-saa 13,000. Kituo cha umeme cha Rusumo, kwenye Mto Kagera, kina megawati 80 zinazogawanywa sawasawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, na tanuri dogo la tani 10 kwa siku lingemeza karibu moja ya tano ya mgao wa Burundi.