Nyuzi za Mungu, chakula cha waliotembea usiku

Hapa kambini ukitaja tambi, watu wanawaza jirani zetu Wasomali. Ni kweli, kwao baasto ni chakula cha kila siku, na ililetwa na Waitaliano walipotawala Somalia. Lakini leo twende kwa Waitaliano wenyewe, na tena si kwa tambi za pakiti. Kuna moja ambayo hakuna kiwanda kinachoitengeneza, na waliotengewa ni watu waliofika kwa miguu. Hapo ndipo iliponishika.

Inaitwa su filindeu, yaani nyuzi za Mungu kwa lugha ya Kisardinia. Kwao ni Nuoro, mji wa milimani katika kisiwa cha Sardinia, nchi ya wachungaji wa kondoo. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei, mahujaji wanatoka Nuoro na kutembea kilomita 30 hivi mpaka kanisa la Mtakatifu Fransisko, karibu na kijiji cha Lula. Tarehe 4 Oktoba kuna sikukuu nyingine. Wenyeji wanasimulia kwamba kanisa hilo lilijengwa na jambazi wa karne ya 17 aliyesingiziwa kuua, akaweka nadhiri, akaachiliwa. Basi, wanaofika wanapewa bakuli: mchuzi wa kondoo wa moto, hizo nyuzi ndani yake, na jibini changa ya kondoo yenye uchachu iliyoyeyukia humo.

Mimi nilivuka mpaka usiku, nikiwa na miaka 11. Asubuhi tulipewa uji wa mahindi, mwepesi sana, na mpaka leo sijausahau. Mtu aliyechoka unampa kitu cha haraka, si ndiyo? Kumbe wale wa Nuoro wanampa chakula kigumu kuliko vyote kutengeneza.

Vitu ni vitatu tu: unga wa ngano ngumu, maji, chumvi. Mama anakanda muda mrefu mpaka donge linavutika. Likikataa kunyumbuka, anachovya vidole kwenye maji ya chumvi. Likikauka, kwenye maji ya kawaida. Nani anamwambia lini? Vidole vyake. Halafu anavuta kamba ya unga, anaikunja mara mbili, anavuta tena. Mara nane. Piga hesabu: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256. Nyuzi 256 nyembamba kama nywele! Anazitandaza juu ya sinia la majani makavu yaliyofumwa, tabaka tatu zinazopishana mshazari, mpaka inakuwa kama kitambaa. Ikikauka juani inavunjwa vipande na kutiwa mchuzini.

Wahandisi wa Barilla, kampuni kubwa ya tambi, walikwenda kuangalia ili wabuni mashine. Walirudi mikono mitupu. Anayejulikana zaidi kwa kazi hii ni mama Paola Abraini, aliyefundishwa na mama mkwe wake. Ujuzi ulikuwa unatoka kwa mama kwenda kwa binti, ndani ya familia chache, na sasa wanaoujua vizuri ni wachache mno. Wanaojaribu wengi wanaishia njiani. Siwalaumu sana. Hata vijana wangu hapa, ukiwaambia wakae na bibi wajifunze kusuka mikeka, wanauliza kwanza itawalipa nini. Lakini ufundi huu haukai kwenye kitabu. Binti akikataa, mahujaji watafika Lula na kukuta mchuzi mtupu.

Jumamosi tulijaribu na vijana kumi na wawili, kwa unga wa chapati. Mara ya kwanza sawa, mara ya pili sawa, mara ya tatu kamba ikakatika vipande vipande. Tukakanda upya, ikakatika tena. Msichana mmoja peke yake alifika mara ya nne, nyuzi 16, nene kama kamba za viatu. Mama mmoja Msomali aliyekuwa anapita alisimama akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akanawa mikono, akaomba donge.