Makavazi ya dini Istanbul: Jengo moja, milango miwili

MGENI aliyezuru Istanbul, Uturuki, kabla ya 2020 na kurejea leo hukuta majengo mawili mashuhuri ya historia ya dini si makavazi tena. Yamekuwa misikiti, na hadhi hiyo ndiyo huamua apitie mlango upi, alipe ada gani na atazame picha zipi.

La kwanza ni Hagia Sophia, au Ayasofya kwa Kituruki. Mfalme Justinian alilikamilisha kama kanisa mwaka wa 537. Sultani Mehmed II alipouteka mji huo mwaka wa 1453 aliligeuza msikiti, na baadaye picha za Kikristo zikafunikwa kwa lipu. Mwaka wa 1934 serikali ya Mustafa Kemal Atatürk iliamua liwe makavazi, na lipu hiyo ikabanduliwa hatua kwa hatua.

Mahakama ilibatilisha uamuzi huo Julai 2020, na mnamo Julai 24 Waislamu wakaswali humo Ijumaa ya kwanza. Shirika la UNESCO lilisikitika kwamba hatua hiyo ilichukuliwa bila mashauriano.

Tangu Januari 2024, sakafu ya chini imetengewa waumini, nao hawalipi chochote. Watalii wa kigeni hutumia lango lao, na ada iliyoanza kutozwa wakati huo ilikuwa yuro 25, ili wafike kwenye roshani ya juu. Huko ndiko iliko picha ya Deesis, kazi ya mozaiki ya karne ya 13 inayomwonyesha Yesu kati ya Maria na Yohana Mbatizaji. Sehemu kubwa ya chini imebomoka, ila nyuso zimesalia, na huzuni iliyo machoni mwao pekee inatosha kumfanya mtu apande. Hata hivyo, hasara ipo: ukubwa wa kuba, lenye kipenyo cha takriban mita 31, hudhihirika zaidi kwa aliyesimama sakafuni. Picha ya Maria na Mtoto iliyo juu ya mihrabu nayo hufunikwa kwa pazia wakati wa swala.

Jengo la pili ni Kariye, lililokuwa makavazi tangu 1945 na likafunguliwa kama msikiti Mei 2024. Ni dogo, tena liko mbali na wingi wa watalii, lakini kwa picha za karne ya 14 halina mpinzani mjini humo.

Anayetaka makavazi halisi aelekee Kasri la Topkapı, ambalo hufungwa Jumanne. Humo mna joho linalohusishwa na Mtume Muhammad (SAW), na sauti ya msomaji wa Kurani husikika chumbani. Hivyo hata makavazi yenyewe yana sehemu ya ibada, na mavazi ya heshima yanahitajika.

Katika ua wa kwanza wa kasri hilo lipo kanisa la Hagia Irene, ambalo Waosmani hawakuligeuza msikiti bali waliweka silaha humo. Juu ya madhabahu hamna sura ya mtu, ila msalaba mtupu uliochorwa karne ya 8, wakati ambapo Wakristo wenyewe walikuwa wakipigana kuhusu uhalali wa picha makanisani.