Nyumba ya Beringi: Habari za Ekseli Kuukuu katika Nyanda za Karatu

Historia ya motokaa katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa habari za waliozileta kuliko za waliozidumisha. Wengi wamepata kusoma juu ya Paul Graetz, afisa wa Kijerumani aliyeondoka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 1907 katika motokaa ya Gaggenau, akafika Swakopmund, pwani ya pili ya bara, mwezi wa Mei 1909. Miezi ile karibu 21 haikuliwa na mwendo peke yake. Sehemu yake kubwa iliishia katika kuvunjika, kungoja na kutengeneza. Hata hivyo jina lililobaki ni la aliyeshika usukani. Juu ya ufundi wa chini ya gari maandiko ni haba, na uhaba huo wafaa kutazamwa katika kitu kimoja kidogo, nacho ni nyumba ya beringi katika ekseli ya nyuma, na katika mahali pamoja, yaani Endamarariek na nchi inayoizunguka.

Endamarariek ni kata ya Wilaya ya Karatu, katika nchi ya Wairaqw, ambayo hata miaka ya 1990 ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Udongo wa nyanda hizo una asili ya volkeno. Wakati wa kiangazi huwa vumbi laini mithili ya unga. Masika ikiingia, huwa tope la kunata. Vyote viwili ni adui wa beringi, kwa maana vumbi likichanganyika na grisi huwa kama msasa, na tope huingiza maji mahali pasipotakiwa maji. Adui wa tatu aliletwa na ngano. Kilimo cha matrekta hakikuwa cha walowezi wa Oldeani peke yao. Katika miaka ya 1950 walikuwako Wairaqw waliokuwa na matrekta yao wenyewe, na mavuno yao yakahitaji magari ya kuyachukua. Magunia yalipakiwa kwa kadiri ya haja ya mkulima, wala si kwa kadiri ya nguvu za ekseli.

Beringi ina pete mbili. Moja huzunguka, na ya pili yapaswa kutulia, imebanwa ndani ya chuma kilichotobolewa kwa kipimo kamili. Tundu hilo ndilo nyumba yake. Grisi ikikauka, rola zikakwama, ile pete iliyopaswa kutulia huanza kuzunguka na kuila nyumba. Upungufu wa sehemu chache za mia za milimita, ambao ni chini ya unene wa unywele, watosha kuanzisha uharibifu. Gurudumu hucheza, sili huvuja, oili hulowesha breki. Na gari lenye shehena liendalo Arusha halina budi kushuka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu. Kununua beringi mpya hakuponyi maradhi hayo. Beringi mpya katika nyumba iliyolika ni kama mguu ndani ya kiatu cha mtu mwingine.

Waliounda magari walilijua jambo hili, lakini hawakulitatua kwa namna moja. Ford aina ya T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, ilitiwa bushi nyembamba ya chuma kati ya beringi ya nje na ganda la ekseli. Iliyolika ni bushi. Ganda likasalimika, na mwenye gari aliweza kuibadili kwa gharama ndogo. Ikaja aina ya A, iliyotengenezwa kuanzia 1927 hadi 1931, gari bora kwa mwendo na kwa breki, ila rola za magurudumu yake ya nyuma zilizunguka juu ya ncha ya ganda lenyewe. Ncha ile ikilika, hapana budi ikatwe na kulehemiwa nyingine, au ichongwe duara na kuvikwa bushi. Hapo yaonekana kwamba maendeleo ya kiwanda si lazima yawe maendeleo ya mwenye gari, hasa mwenye gari aishiye mbali na duka la spea.

Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa na fadhila yake, japo si ya tangu siku ya kwanza. Katika magari ya aina ya pili, yaliyoanza mwaka 1958, beringi mbili za kila gurudumu la nyuma zakaa ndani ya kitovu cha gurudumu, na kitovu chafunguka. Nyumba ikilika, haihitajiki kuvutwa gari zima. Kitovu chaweza kufungwa katika gunia na kupelekwa kwenye kerezo, gari likabaki uani juu ya mawe. Neno hili kerezo lastahili kuangaliwa. Lilikuwa chombo cha maseremala wa pwani, waliochongea miguu ya vitanda na nguzo za ngazi, na leo mkerezaji wa chuma huitwa kwa jina hilohilo. Ekseli, kwa upande wake, haikupata bahati hiyo: wasomi waweza kuiita mhimili wapendavyo, lakini uvunguni mwa gari neno hilo halina mwenyewe.

Ufundi huu ulipimwa hasa baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni ziliadimika, mafuta yakapanda bei, na spea zikawa kitu cha kutafutwa kwa ujamaa na kujuana, mpaka mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Katika miaka kama ile, kusema kwamba nyumba imelika ilikuwa sawa na kusema kwamba mahindi yatabaki ghalani, ama mgonjwa atachukuliwa kwa machela.

Fundi asiye na kerezo ana hila mbili. Ya kwanza ni kupiga nukta nyingi kwa patasi ya ncha ndani ya nyumba, ili chuma kiinuke kidogo kuizunguka kila nukta na kuibana pete. Ya pili ni kuzungushia ukanda wa bati la mkebe. Hila zote mbili humfikisha mtu nyumbani, nazo hazistahili kudharauliwa; lakini zikiuzwa kwa bei ya matengenezo kamili huwa ulaghai, kwa kuwa pete hushikwa na vilele vya nukta tu, wala haishikwi na ukuta mzima. Vilele hivyo husagika upesi, na bati hukatika vipande na kuingia katika rola. Mara nyingi nyumba hurudi kwa fundi ikiwa pana kuliko ilivyokuwa.

Matengenezo ya haki ni kurudi kwenye shauri la Ford aina ya T. Kitovu hufungwa kwenye kerezo na kusawazishwa kwa kufuata upande ambao haukulika, na hapo ndipo penye ugumu wote, kwani kikifungwa upande, gurudumu litakwenda upande maisha yake yote. Nyumba hupanuliwa mpaka ifikie chuma kizima. Hukerezwa bushi iliyo nene kidogo kuliko tundu. Kitovu hupashwa moto kipanuke, bushi ikaingizwa, na kikipoa huishika. Ndipo bushi yenyewe hutobolewa kwa kipimo cha beringi, kikipunguzwa kidogo sana ili pete iingie kwa kubanwa. Asiye na chombo cha kupimia vipimo vidogo hutumia karatasi ya sigara na hisia za vidole. Kazi hii haionekani gari likiwa zima, wala mwenye kulipa hana la kuonyesha watu.

Yafaa kukumbuka kwamba nchi hiyo ilikuwa na wajuzi wa chuma kabla ya motokaa. Upande wa Ziwa Eyasi wahunzi wa Kidatoga hadi leo hufua misumari kuwa vichwa vya mishale vya Wahadzabe, na huyeyusha shaba ya kufuli kuukuu kufanya bangili. Mhunzi wa Kidatoga alihitajiwa na watu wote, lakini wafugaji wa kabila lake hawakutaka kuoana na ukoo wake. Fundi wa gari hakurithi twezo hiyo, huoa atakako. Alichokosa yeye ni kuandikwa. Ukoo wa wahunzi umepata watafiti wa kuueleza, na ngano ya Karatu imepata wataalamu wa uchumi; kerezo halijapata mtu.

Wakati nao hausubiri. Barabara ya Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ilitiwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000, na magari ya Kijapani yamekwisha kuzishinda Land Rover katika biashara ya watalii. Ekseli nyingi za zamani zimeuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Mwezi wa Oktoba 2024 Land Rover kwa mamia zilikusanyika Arusha katika tamasha lake, zimeoshwa na kupigwa rangi, na watazamaji wakaulizana mwaka wa kila gari. Mwaka huo husomwa kwenye kibati cha kiwanda. Habari iliyosalia imo ndani ya vitovu: sili ikitolewa na grisi ikifutwa, baadhi yake huonyesha mstari mwembamba wa duara, pale chuma cha Uingereza kinapokutana na bushi iliyokerezwa huku.