Tarishi Anapohama Nyumba

Ukitaka kumtumia mtu mzigo Kisumu kutoka Nairobi, si lazima uende mwenyewe. Unaupeleka ofisi ya basi, unalipa, unapewa risiti, unaendelea na shughuli zako. Programu za kompyuta nazo hutumiana mizigo hivyo. Moja inapokea malipo, nyingine inaandika hesabu, ya tatu inatuma SMS. Katikati yao lazima kuwe na tarishi.

Kwa miaka mingi tarishi huyo alikuwa wa kununua, na bei yake haikuwa mchezo. Mwaka 2003, John O'Hara wa benki ya JPMorgan Chase alianzisha kazi ya kutunga itifaki huria ya ujumbe iliyokuja kuitwa AMQP. Kampuni ndogo ya Ubelgiji, iMatix, ilipewa kazi ya kuiandika. Mkuu wake alikuwa Pieter Hintjens, jamaa aliyezaliwa Kongo mwaka 1962 na kukulia huku kwetu Afrika Mashariki.

Lakini AMQP ilizidi kunenepa. Kila mjumbe wa kamati alitaka lake liingizwe. Mwaka 2010 iMatix ilijitoa, ikaelekeza nguvu kwa ZeroMQ, kazi iliyokuwa ikiongozwa na Martin Sustrik. Hii haikuwa na ofisi ya basi katikati. Ilikuwa maktaba ndogo ya msimbo wa C++ unayoiweka ndani ya programu yako, kisha programu zinatumiana ujumbe moja kwa moja.

Shida ilikuwa kuihamisha. Kila mfumo endeshi una desturi zake. Ukitaka kujua ni soketi gani kati ya maelfu imepokea ujumbe, Linux ina epoll, macOS ina kqueue, na Windows ina njia zake. Hata kuamshana ndani ya programu moja kulileta kizaazaa. Kwenye Unix, uzi mmoja wa kazi huushtua mwingine kwa jozi ya soketi za ndani. Windows haikuwa na kitu hicho, kwa hivyo walioihamisha wakatumia ujanja: programu ijipigie simu yenyewe kwa TCP, kupitia poti 5905. Ni kama kumpigia simu mtu aliye chumba cha pili kwa sababu ukuta hauna mlango. Haipendezi, lakini anasikia.

Halafu wakaja watu wa .NET, wanaoandika C#. Njia ya kwanza ilikuwa kuivisha maktaba ile ya C++ koti la C#. Ilifanya kazi, ila ulilazimika kubeba faili ya C++ inayolingana na mashine, ya biti 32 au 64. Ukikosea, programu haiwaki. Njia ya pili ilikuwa ngumu zaidi: kuandika kila kitu upya kwa C#. Ndiyo iliyozaa NetMQ, kama vile JeroMQ ilivyozaliwa upande wa Java.

Kabla jasho halijakauka, nyumba ikahama tena. Novemba 2014 Microsoft ilitangaza kwamba .NET Core itakuwa huria na itatembea nje ya Windows. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 2016, likiwa na Linux na macOS ndani. NetMQ, iliyozaliwa kwa ajili ya watu wa Windows, sasa ilitakiwa iishi Linux pia.

Kilichoiwezesha kuishi kote huko ni makubaliano yaliyoandikwa wazi, yaitwayo ZMTP. Katika toleo la 3.0, programu mbili zikikutana husalimiana kwa baiti 64. Ya kwanza ni FF, ya kumi ni 7F. Ukijua kusalimia hivyo na kufuata hatua zinazofuata, hakuna atakayekuuliza umeandikwa kwa lugha gani au unakaa mfumo upi.

Watu nao walihitaji makubaliano. Sustrik aliondoka, akaanzisha nanomsg, iliyoandikwa kwa C. Aliona C++ lilikuwa chaguo baya tangu mwanzo. Hintjens alibaki, akatunga kanuni zinazoitwa C4: kila marekebisho yaeleze tatizo yanalotatua, yapokelewe haraka, na kila mchangiaji abaki na hakimiliki ya alichoandika. Kanuni hiyo ina gharama. Baadaye, walipotaka kubadili leseni kutoka LGPL hadi MPL 2.0, iliwabidi kuwaomba ruhusa wachangiaji mmoja mmoja. Lakini ndiyo hiyohiyo inayozuia mtu mmoja kuamka asubuhi na kuuza jasho la wengine.

Hintjens alifariki Oktoba 2016 akiwa na saratani, miezi mitatu na kitu baada ya .NET Core 1.0 kutoka. ZeroMQ haikufa naye.

Hapa Kenya tunapenda kuuliza app imeandikwa kwa lugha gani, kana kwamba hapo ndipo uhai wake ulipo. Kuna swali linalofaa kutangulia: je, kanuni za kuzungumza nayo zimeandikwa mahali ambapo yeyote anaweza kuzisoma? Kama ndiyo, kesho simu zikibadilika na mwenye kampuni akiondoka, kijana wa Eldoret anaweza kuiandika upya bila kumpigia mtu magoti. Kama sivyo, umepanga nyumba ya mtu, na siku akifunga lango, mizigo yako itabaki ndani.